Sumu imwagwe Rotterdam, ndege wafe kilomita 150 mbele

Kaskazini mwa Uholanzi kuna kakisiwa kanaitwa Griend. Ni mchanga na majani tu, hakuna kiwanda, hakuna mji, hakuna mtu anayeishi pale ukitoa walinzi wa ndege wanaoenda kukaa msimu wa kutaga. Sasa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndege wa pale wakaanza kufa. Ni buabua, wale weupe wa baharini wanaoning'inia hewani halafu wanajiachia kichwa chini kama mshale wakiona samaki wadogo, na walikuwa wanakufa vibaya, wanatetemeka, mabawa yanagoma, wanaanguka, vifaranga navyo hivyo hivyo. Kufikia 1965 Uholanzi nzima walikuwa wamebaki jozi kama 650 tu za aina hiyo, wakati miaka kumi nyuma walikuwa makumi ya maelfu.

Walipopimwa wakakutwa na dawa za wadudu mwilini: dieldrini, endrini na nyingine ilikuwa inaitwa telodrini. Ungedhani ni wakulima, kumbe ni kiwanda. Dawa zenyewe zilikuwa zinatengenezwa huko eneo la bandari ya Rotterdam na maji machafu ya kiwanda yalikuwa yanaingia kwenye mlango wa mto Rhine. Kutoka pale mpaka Griend ni kama kilomita 150, yaani ni sawa na mtu amwage kitu Dar halafu wanaokufa wawe ndege wa Pangani.

Sasa hapo ndo pananikunaga kichwa. Sio kwamba sumu ilifika, hilo linaeleweka, maji yanatembea. Shida ni ilifikaje ikiwa bado na nguvu ya kuua wakati katikati hapo kuna bahari nzima ya kuizimua? Maana hesabu tuliyokua nayo wote kichwani ni moja, bahari kubwa, itameza. Huku kwetu masika mtu anatapisha choo usiku mvua ikiwa kali, uchafu unaingia mferejini, mfereji unaingia mtoni, mto baharini, asubuhi ananawa mikono kashamaliza. Kiwanda nacho kinapiga hesabu hiyo hiyo, ila chenyewe kina bomba.

Kosa la hesabu hiyo sio ukubwa wa bahari, bahari ni kubwa kweli. Kosa liko kwenye kuchanganya. Tunachukulia maji ya mto yakifika baharini yanachanganyika kama maziwa kwenye chai, kijiko kimoja, basi. Hayachanganyiki hivyo, sio haraka, na wala sio kila upande.

Tuanze na mto wenyewe. Rhine unatoka milima ya Uswisi, unapita Basel kwenye viwanda vya dawa, unapita Ludwigshafen na Leverkusen kwenye viwanda vikubwa vya kemikali, unapokea vijito vya eneo la Ruhr lililokuwa la makaa ya mawe na chuma, ndo unaingia Uholanzi. Urefu ni kilomita kama 1,230 na pale mpakani unabeba wastani wa mita za ujazo 2,200 hivi kila sekunde. Kwa hiyo Uholanzi iko mkiani, kila kilichomwagwa na waliotangulia kinapita mbele ya mlango wake, halafu na yenyewe inaongeza cha kwake.

Maji hayo yakiingia baharini yanakutana na kitu kizito kuliko yenyewe. Lita ya maji ya mto ni kilo moja, lita ya maji ya bahari ni kilo moja na gramu kama 25 za ziada, na hizo gramu 25 ndo kila kitu, kwa sababu maji ya mto yanaelea juu kama tandiko. Niliwahi kupanda boti kutoka Nyamisati kwenda Mafia, kipindi cha mvua, tunatoka kwenye delta ya Rufiji maji ya kahawia kama chai ya rangi iliyokaa, tunaenda tunaenda, mara mbele kuna mstari. Mstari kabisa, povu chafu, majani, vijiti, kandambili moja, huku kahawia huku kijani. Jamaa wa boti akasema hapo ndo maji yanapoachana. Nilidhani tumevuka mpaka, kumbe propela ilipokata nyuma yetu ikatibua maji ya kijani kutoka chini wakati bado tuko kwenye kahawia. Yaani ile kahawia ilikuwa ngozi tu.

Kwa hiyo la kwanza, sumu iliyoyeyuka kwenye maji ya mto haina bahari nzima ya kuizimua, ina mita chache za juu.

La pili ndo lenye utamu. Hayo maji yanayoelea yanaenda wapi? Ukiangalia ramani ungesema yananyooka kwenda mbele kuelekea Uingereza. Hayaendi. Dunia inazunguka, na kitu chochote kinachosafiri umbali mrefu juu yake kinapindishwa kidogo kidogo, kaskazini mwa ikweta kinapindia kulia, kusini mwa ikweta kinapindia kushoto. (Hii usiichanganye na wale wa pale mstari wa ikweta, Nanyuki na Kayabwe, wanaowazungushia watalii maji kwenye beseni, pale ni mkono wa mwenye beseni unaofanya kazi, beseni ni dogo mno kwa dunia kulijali.) Mto Rhine ni mkubwa wa kutosha. Unatoka ukielekea magharibi, unapindia kulia, na kulia ni kaskazini, kwa hiyo unaishia kuubana ufukwe wa Uholanzi na kupanda nao juu kama mto mwingine ndani ya bahari, upana kama kilomita 20 hadi 30 hivi. Waholanzi wana jina lake kabisa, wanauita mto wa pwani, na sio kwa kutania.

Huku kwetu mchezo ni ule ule ila umegeuzwa. Pwani yetu inatazama mashariki, tuko kusini mwa ikweta, mto unatoka ukielekea mashariki unapindia kushoto, na kushoto ni kaskazini vile vile. Tofauti ni kwamba karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu, kwa Dar ni kama moja ya saba tu ya ule wa Uholanzi, kwa hiyo wanaoamua zaidi ni upepo na ule mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao nao unaelekea kaskazini mwaka mzima, kusi ikivuma unakimbia, kaskazi ikivuma unalegea. Wavuvi hawahitaji kuelezwa hili, wao wanalijua kwa mikono, nyavu zinavyolala.

Mwendo wenyewe sio wa kasi. Ukisimama ufukweni Uholanzi utaona maji yakijaa yanakimbilia upande huu, yakipwa yanarudi kule, kilomita kadhaa kwenda na karibu zote kurudi, na ukitazama kwa saa sita utasema hakuna kinachosafiri. Ila kila siku kinabaki kipande kidogo ambacho hakirudi. Kipande hicho kwa wastani ni kilomita chache kwa siku, na kilomita chache kwa siku mara wiki tatu nne ndo umefika Griend. Hatua kumi mbele, tisa nyuma, lakini unafika.

Hapo tumeshaelewa njia. Bado hatujaelewa kwa nini sumu haikuishia njiani, na hilo halina jibu moja kwa sababu kemikali zenyewe hazina tabia moja. Kuna zinazopenda maji, zinakwenda yanakokwenda maji. Kuna zinazoyachukia, zinang'ang'ania tope. Na kuna zinazotafuta mafuta, na baharini mafuta yako kwenye miili ya viumbe. Nyingi mbaya za zamani, dieldrini na wenzake, PCB (kemikali za mafuta ya transfoma, tutazifikia), zebaki na baadhi ya metali, zinaingia kwenye kundi la tope au la mafuta au yote mawili. Kwa hiyo ukipima maji ya mto tu ukasema mbona ni safi, umepima nyumba ambayo mwenyewe hayupo.

Tope basi. Fanya hivi nyumbani, haina gharama: chukua glasi mbili, tia maji na udongo wa mfinyanzi, sio mchanga, koroga mpaka yawe kama uji mwepesi. Moja iache, nyingine tia kijiko cha chumvi, koroga tena, kaa pembeni. Ile isiyo na chumvi itabaki na ukungu muda mrefu, ile ya chumvi baada ya muda utaona vipande vinaanza kushikana kama maziwa yaliyokatika, vinashuka, maji ya juu yanang'aa. Sababu ni kwamba chembe za mfinyanzi zina chaji hasi zote, zinasukumana, haziwezi kukaribiana. Chumvi inaiua ile sukumana. Kila mlango wa mto duniani unafanya jaribio hilo bila kupumzika: tope limesafiri kutoka Basel huko kilomita mia nane na zaidi likiwa linaelea, likifika kwenye chumvi linashikana na kuzama. Na chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, kijiko kimoja ukizikunjua zote eneo lake ni kubwa kupita maelezo, na kwenye eneo hilo ndo risasi, zebaki, PCB na jamaa zao wamejibandika.

Sasa ungetegemea lizame halafu lisukumwe taratibu kwenda nje. Hapana. Kumbuka maji ya mto yanatoka kwa juu. Chini yake maji ya chumvi, mazito, yanaingia ndani kama kabari kuelekea mtoni. Tope linalozama linadondoka kwenye mkondo unaorudi, linarudishwa. Kwa hiyo mlango wa mto ni mtego, na mtego huo ndo bandari ya Rotterdam imekaa juu yake. Miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wanachimbua kama mita za ujazo milioni 20 za tope kwa mwaka ili meli ziweze kupita. Tipa la kawaida la mitaani kwetu linabeba kumi hivi, piga hesabu mwenyewe, tripu milioni mbili kila mwaka. Zamani tope la bandarini lilikuwa mali, unalimwaga kwenye shamba au unajazia kiwanja. Lilipopimwa likakutwa limejaa metali na kemikali kiasi kwamba huwezi kulimwaga shambani wala kulitupa baharini, wakabaki wanatazamana. Mwisho wakajenga shimo kubwa ajabu pembeni ya bahari, linaitwa Slufter, likaanza kutumika 1987, limekusudiwa mita za ujazo milioni 150 za tope hilo chafu. Lipo mpaka leo.

Kilichonifurahisha ni walichofanya pamoja na hilo shimo. Mji wa Rotterdam ulituma watu wapande mto kutafuta nani anamwaga nini, bomba kwa bomba, nchi kwa nchi, halafu wakawafuata wenye viwanda mkononi wana vipimo na wanasheria, wakawaambia gharama ya shimo hili ni yenu. Makampuni mengi yalikubali kupunguza bila kufika mahakamani. Sio huruma, ni kwamba kwa mara ya kwanza tope lilikuwa na bei.

Kuna metali moja inayovunja utaratibu huu, kadimiamu. Yenyewe inasafiri mtoni imejibandika kwenye tope kama wenzake, ila ikikutana na chumvi inaachia, inashikana na kloridi ya maji ya bahari inayeyuka upya. Yaani pale pale ambapo wenzake wanazama, yenyewe ndo inaruka nje ya basi na kuendelea na safari kwa miguu. Ndo maana mtu akikwambia mlango wa mto unachuja uchafu, muulize uchafu gani.

Na sio tope lote linanaswa. Lile jepesi linatoka, linaingia kwenye ule mto wa pwani, linazama kukitulia, linatibuliwa bamvua likija, linatulia maji mafu, dhoruba za baridi zinalifumua tena, linasogea. Hata huko nje maji ya chini yana tabia ya kurudi kuelekea ufukweni chini ya yale mepesi yanayoelea, kwa hiyo tope halipati nafasi ya kukimbilia kina kirefu, linabanwa na pwani kama abiria aliyebanwa mlangoni kwenye daladala. Linapanda kaskazini mpaka Bahari ya Wadden, ambayo ni bahari ya maji mafupi nyuma ya mlolongo wa visiwa, maji yakipwa inabaki tambarare ya tope kilomita na kilomita. Maji yanayojaa yanaingiza tope jepesi, yanayotoka hayawezi kulibeba lote. Mtego wa pili. Na kwenye huo mtego ndo ndege wa Ulaya kaskazini wanapokula, sili wanapozaa, na kome wanapolimwa. Kisiwa cha Griend kiko humo humo.

Ila buabua hali tope. Anakula samaki wadogo wa juu juu. Kwa hiyo kuna ngazi ya mwisho.

Dawa kama dieldrini haiyeyuki kirahisi kwenye maji, inapenda mafuta, na mwili haujui kuivunja upesi wala kuitoa. Kijidudu kidogo cha baharini kinaibeba kiasi, samaki mdogo anakula vijidudu maelfu, vyenyewe vinasagika na kutoka ila dawa inabaki kwenye mafuta yake, ndege anakula samaki hao kila siku na anawalisha watoto. Kila ngazi mzigo unakusanywa bila kushushwa. Watafiti walipopima kome na samaki kando ya pwani ile waliona kadiri unavyosogea karibu na mdomo wa Rotterdam ndo viwango vinapanda, ukienda mbali vinashuka, kama mtu anayefuata harufu ya kitu kinachoungua mpaka jikoni.

Kuna bata wa baharini wa kisiwa cha jirani, Vlieland, ambao kwangu ndo wanaoeleza jambo hili vizuri kuliko hata buabua. Waliokuwa wanakufa ni majike, na walikuwa wanakufa wakiwa wameatamia. Kwa nini majike, na kwa nini wakati huo? Kwa sababu jike wa bata huyo akiatamia hali, siku kama 25 anakaa juu ya mayai anaishi kwa mafuta aliyojiwekea. Mafuta yanapoungua, sumu iliyokuwa imelala humo inaamshwa yote kwa mpigo inaingia kwenye damu na ubongo. Alikuwa anatembea nayo miezi yote hiyo mzima wa afya, anaogelea, anakula kome, ukimpiga picha hana shida. Mtu aliyewahi kusema samaki wetu mbona wanaonekana wazima, amsome huyo bata.

Utengenezaji wa telodrini ulisimama 1965, mabomba yakabanwa, na ndege wakarudi, ila taratibu mno, miaka mingi. Dieldrini na endrini zenyewe baadaye ziliingia kwenye orodha ya kemikali kumi na mbili za mwanzo za Mkataba wa Stockholm wa 2001, pamoja na DDT na PCB. Huku Afrika Mashariki majina hayo sio mageni, DDT na dieldrini zilipuliziwa mbung'o.

PCB ni zile za kwenye mafuta ya transfoma ya zamani, mafuta ambayo stori za watu kuyaiba na kukaangia chipsi hazijaisha mpaka leo. Za Rhine ziliwapata sili. Sili wa upande wa magharibi wa Wadden, yaani upande wa mto, walikuwa hawazai inavyotakiwa, na wa upande wa mbali wanazaa. Mtafiti Peter Reijnders akafanya jambo la akili sana kule kisiwa cha Texel, akachukua makundi mawili ya sili majike, 12 na 12, kundi moja akalilisha samaki wa Wadden, lingine samaki wa bahari ya wazi ya Atlantiki. Samaki tu, hakuna aliyechomwa sindano ya kitu. Waliokula samaki wa Wadden walishika mimba wachache kwa mbali. Matokeo yalitoka 1986.

Mwaka huo huo wa 1986 ndo watu wengi wanaukumbuka kwa sababu nyingine. Tarehe 1 Novemba ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, zimamoto wakamwaga maji usiku kucha, na maji hayo yakaingia Rhine yamebeba tani za viuatilifu pamoja na rangi, mto ukawa mwekundu. Mwekundu kabisa, TV zote. Samaki aina ya mikunga kama 150,000 wakafa, na mto ukawa kama umeoshwa viumbe kwa kilomita mia kadhaa. Serikali zikashtuka, 1987 zikapitisha mpango wa kuufufua Rhine na kusema samoni lazima warudi ifikapo 2000, na kweli walirudi.

Mi sina shida na kelele hizo, zilisaidia. Ila ukiangalia kilichofika baharini utaona kichekesho chenye uchungu. Moto wa Basel ulikuwa bonge la mshtuko ambao sehemu kubwa yake ilikuwa dawa zinazovunjika zenyewe baada ya muda, na mto ulianza kupata uhai tena ndani ya miaka michache. PCB hazikuwa na rangi, hazikuwa na moto, zilidondoka kidogo kidogo miaka arobaini, hakuna kamera iliyokwenda, na sili wakawa hawazai inavyotakiwa. Uchafuzi unaoonekana ndo tunaoukimbilia. Ule wa bomba linalotoka maji meupe saa nane usiku kila siku hauna tarehe ya kukumbukwa.

Rhine wa leo ni msafi sana ukilinganisha, metali zimeshuka mno, watu wanaogelea. Lakini lile tope la zamani halikwenda popote, liko nyuma ya mabwawa, liko bandarini, liko Wadden, na lingine limeendelea na safari, maana mzunguko wa Bahari ya Kaskazini unalivuta kupita Ujerumani, Denmark, mpaka kwenye bonde refu la chini ya bahari pale Norwe, kina mpaka mita 700, ndo linapopumzika. Kila mafuriko makubwa yanakwangua kidogo cha miaka ya 1960 na kukirudisha barabarani.

Mtu wa Dar akisoma mpaka hapa lazima awe ameshafika Msimbazi kichwani. Mto wenyewe ni mdogo, ukiuweka na Rhine ni mfereji, unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani unaingia baharini pale Salenda. Lakini udogo huo sio nafuu. Kiangazi hauna maji ya kuzimua chochote, kinachotoka kiwandani au machinjioni kinatembea kama kilivyo na kulala kwenye tope, halafu masika inakuja Jangwani inafurika na kila kilicholala miezi sita kinabebwa kwa siku mbili tatu. Mlangoni kuna mikoko, na mikoko ndo Wadden yetu, mizizi inakamata tope. Wachunguzi wameshakuta metali nzito kwenye tope lile na kwenye konokono wanaokaa kwenye mikoko. Ukitaka kujua hali ya mto ule usichote maji asubuhi ya jua ukaenda nayo maabara, chota tope, chukua konokono, na rudi tena siku ya mvua ya kwanza.

Na sasa kuna kundi jipya linalovunja karibu yote niliyoeleza. Ni PFAS, kemikali za kwenye vikaango visivyoshika, nguo zisizolowa, povu la zimamoto. Hizi hazing'ang'anii sana tope na nyingi hazitafuti mafuta kama wale wa zamani, zinatembea na maji, na hazivunjiki. Uholanzi inazipata kutoka kwenye mito yake, ikiwemo Scheldt unaokuja na maji ya viwanda vya Antwerp. Ungesema hapo sasa bahari ndo itashinda, kitu kinachoyeyuka kwenye maji kitasambaa mpaka kipotee. Ila PFAS zimeumbwa kama sabuni, upande mmoja unapenda maji upande mwingine unayakimbia, kwa hiyo zinapenda kukaa pale maji yanapokutana na hewa. Mawimbi yakivunjika ufukweni yanatengeneza mapovu mamilioni, kila povu linazikusanya kwenye ngozi yake, upepo unalisukuma povu mchangani. Mwishoni mwa 2023 taasisi ya afya ya jamii ya Uholanzi, RIVM, ilitoa majibu ya vipimo: kwenye povu la fukwe zao kuna PFAS nyingi kuliko kwenye maji yenyewe ya kuogelea. Ushauri kwa wazazi ni mtoto akicheza na lile povu asilimeze, na akitoka aoshwe.